Deni la wakati wa korona nimewaficha wenzangu wa chama, na sasa tunataka kukopa pamoja

BARUA

Assalamu alaykum Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 44, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Nauza mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai na bajia jioni, katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Kodi ya chumba ni 9,000 kwa mwezi. Kazi hii ndiyo iliyosomesha wanangu, na mume wangu ana tuktuk ya kukodi.

Korona ilipoingia mwaka 2020 mambo yaliharibika kwa mkupuo mmoja. Kafyu ilianza mwisho wa Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wateja wangu wa alfajiri walikuwa watu wa bandarini, na wa jioni wanakuja baada ya Magharibi, kwa hivyo nilipoteza pande zote mbili. Mei 6, Ramadhani ikiwa ndani, Mji wa Kale ukafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, mpaka mwezi wa sita. Idi ilitukuta tumefungiwa.

Nikaingia madeni. Mwenye nyumba, Mungu amrehemu, aliniambia, "Lipa nusu, mengine tutaelewana." Nililipa 4,500 kwa mwezi, Aprili hadi Septemba, mara nyingine kwa M-Pesa na mara nyingine mkononi. Hatukuandikiana. Tajiri wa unga ananidai 11,400. Na kwenye simu nilichukua mikopo mitatu: 9,000 ya benki, 4,200 ya programu moja, na 900 ya programu nyingine. Tulisikia serikali imesema watu wasipelekwe CRB, kule majina ya wasiolipa mikopo yanakowekwa, nikajua madeni yale yameachwa. Baadaye zikaanza kuja meseji kwamba jina langu litapelekwa CRB. Nikabadilisha laini ya simu. Sikumwambia mtu, hata mume wangu nilimwambia baada ya mwaka.

Sasa niko kwenye chama cha wanawake 12, kimesajiliwa, na mimi ndiye mweka hazina. Wenzangu wameamua tuombe 240,000 za Uwezo, ule mfuko wa serikali wa kukopesha vikundi, kila mmoja apate 20,000. Mwenyekiti amesema kila mtu alete kitambulisho "na awe hana matatizo ya CRB". Mimi nilinyamaza. Fedha hizo nazitaka kweli, ninunue jiko la gesi la vichwa viwili na mtungi wa kilo 13 nianze sambusa za jioni. Kwa siku nauza kama 2,500, vitu na makaa vinakula 1,700, na msichana anayenisaidia nampa 150. Siku za kazi ni 26 kwa mwezi.

Mume wangu asema nijitoe chamani nijifanye mgonjwa, na pia hataki mambo ya riba. Dada yangu asema nimwandikishe binti yangu wa miaka 23 mahali pangu. Kijana mmoja wa mtaani anasema zipo pesa za korona za wafanyabiashara wadogo bado hazijaisha, nimpe 2,500 ya faili. Na juu ya yote, mtoto wa mwenye nyumba amekuja kudai 54,000, akasema nisipolipa mwisho wa mwezi atatia kufuli.

Nilinde heshima yangu, au niseme ukweli nikose mkopo na cheo? Usingizi sipati.

Mama Mahamri, Mji wa Kale

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliona madeni. Mara ya pili nikaona mtu aliyebeba siri peke yake miaka hii yote, huku akiamka kila alfajiri kukanda unga na akiwatunzia wenzake fedha zao bila hata senti kupotea. Pole sana. Unaniuliza kuhusu heshima na mkopo, lakini naona mambo manne yamefungwa kwenye kitambaa kimoja: CRB, chama, mwenye nyumba, na huyo kijana wa faili. Tuyafungue moja moja, kwa sababu baadhi yake si mazito kama unavyoyahofia, na mengine ni mazito kuliko ulivyoyaandika.

Tuanze na CRB. Unaamini jina lako limo, lakini ulichonacho ni meseji. Kisheria mkopeshaji anatakiwa akupe taarifa ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako, na zile meseji huenda zilikuwa taarifa hiyo au vitisho tu. Ripoti yenyewe hujaiona. Tazama mikopo yako mitatu. Aprili 2020 Benki Kuu ilitoa mambo mawili ambayo wengi hawakuyasikia vizuri. La kwanza, deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi CRB, na hapo ile 900 yako inatoka. La pili, programu za mikopo zisizosimamiwa na Benki Kuu zilinyang'anywa ruhusa ya kupeleka majina, ingawa kanuni za mwaka 2022 zimewaweka wakopeshaji hao chini ya leseni na wenye leseni wanaweza kuwa wamerudi kwenye mfumo. Ile 4,200 basi huenda imo, huenda haimo. Iliyo karibu zaidi kuwemo ni ile 9,000 ya benki.

Kuhusu tangazo la wakati ule, hukukosea peke yako. Kilichotangazwa ni kusimamisha kupeleka majina kwa madeni yaliyochelewa kuanzia Aprili 1 hadi Septemba 30, 2020. Ulikuwa muda wa kupumua. Deni lilibaki pale pale, na muda ule ulipokwisha benki zikaendelea na kazi yao.

Kampuni za CRB zenye leseni ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila kampuni. Omba zote tatu, kwa sababu mkopeshaji anaweza kuwa amepeleka kwa moja tu. Ukizipata, tazama tarehe, jina la mkopeshaji, na kiasi. Kama kuna kosa, andika barua ya malalamiko kwa CRB yenyewe na nakala kwa mkopeshaji, usiishie kupiga simu. Kama deni ni la kweli, mwombe mkopeshaji mchanganuo: mtaji ni ngapi, riba ni ngapi, faini ni ngapi. Mara nyingi faini ndiyo wanayokubali kuipunguza, hasa ukija na kiasi mkononi. Makubaliano yawe kwa maandishi kabla ya kutuma hata shilingi moja, na ukimaliza udai barua ya kuthibitisha deni limekwisha. Jua pia kwamba kulipa hakufuti historia siku hiyo hiyo. Kumbukumbu ya kuchelewa hukaa miaka 5 tangu siku uliyomaliza kulipa, ila itasomeka kuwa umelipa, na hilo ni jambo tofauti kabisa mbele ya mkopeshaji.

Jambo jingine dogo: laini ile uliyoiacha. Kama ilisajiliwa kwa kitambulisho chako, deni linafuata kitambulisho, halifuati laini.

Sasa huyo kijana. Dada, fomu za mifuko ya serikali hazilipiwi faili. Na hizo "pesa za korona" anazozitaja hazifanani na misaada niijuayo mimi. Mwaka 2020 nafuu kubwa kwa biashara zilikuja kwa njia ya kodi: VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 na ikarudi Januari 2021, kodi ya mauzo ikashuka kutoka asilimia 3 hadi 1. Hiyo ya mauzo iliwagusa wenye mauzo ya kuanzia milioni moja kwa mwaka. Mauzo yako ya 2,500 kwa siku 26, mara 12, ni 780,000. Hukuwa ukilipa kodi hiyo, kwa hivyo kupunguzwa kwake hakukukufikia hata kidogo. Mpango wa serikali wa kudhamini mikopo ya wafanyabiashara wadogo, uliozinduliwa Desemba 2020, ulipitia kwenye benki. Kilichomfikia muuza mahamri moja kwa moja ni kutuma chini ya shilingi 1,000 kwa M-Pesa bila malipo, na hilo likaisha mwisho wa 2020. Nayasema haya kwa sababu nahisi unajilaumu kwamba wenzako walipata na wewe ukalala. Hukulala. Nafuu nyingi hazikuandikwa kwa mtu wa kipimo chako, na hilo linaniuma mpaka leo.

Twende kwenye chama, ndipo moyo wako ulipo.

Kanuni za Uwezo zinataka kikundi kilichosajiliwa, kiwe kinafanya kazi ndani ya eneo bunge mnaloombea (kwenu ni Mvita), kiwe na akaunti ya benki kwa jina la kikundi, ushahidi wa michango ya kila mwezi, na barua ya chifu. Mkopo ni kati ya 50,000 na 500,000. Hauna riba, kuna ada ya asilimia 3 mara moja, muda wa kusubiri wa miezi 6, kisha marejesho ndani ya miaka 2. Kwa 240,000 ada ni 7,200, yaani 600 kwa kila mmoja wenu. Kila mmoja akichukua 20,000, marejesho ni kama 835 kwa mwezi kwa miezi 24. Thibitisheni masharti ya sasa katika ofisi ya eneo bunge kabla ya kujaza, na hapo hapo muulize kama wanaangalia CRB ya kila mwanachama. Sharti hilo umelisikia kutoka kwa mwenyekiti. Je, amelisoma kwenye fomu, au ni tahadhari yake mwenyewe? Majibu mawili hayo yanakuweka mahali tofauti sana.

Kuhusu riba, mume wako ana haki ya kuuliza. Mkopo huu hautozi riba, lakini ile asilimia 3 ni swali la kumpelekea sheikh mnayemwamini, mkiwa wawili. Kama atawaambia muiepuke, benki za Kiislamu zina murabaha: benki inanunua jiko, inakuuzia kwa bei inayojulikana tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo. Ugumu wake ni kwamba benki nayo itataka kuona historia yako, na hapo tunarudi kwenye ripoti.

Naona njia kadhaa mbele yako na kila moja ina mwiba wake. Kunyamaza ndiyo njia uliyoanza nayo. Inakulinda leo. Lakini katika mkopo wa kikundi mnadhaminiana, mmoja akikwama 11 wanamlipia, na wewe ndiye mweka hazina, mtu ambaye sahihi yake iko benki. Jambo likijitokeza katikati ya mkopo, wataanza kuuliza mpaka vitabu vya miaka yote ulivyoviandika vizuri. Kujifanya mgonjwa kunakutoa salama kwa muda, ila jamaa zako watakuja kukutazama na supu, nawe utadanganya tena kila siku ya mchango. Tena mabadiliko ya viongozi yanataka kikao, kumbukumbu na sahihi mpya benki, kwa hivyo kuondoka ghafla kunaweza kuchelewesha ombi lao.

La binti yako naomba ulifikirie kwa utulivu. Dada yako ana nia njema. Lakini binti wa miaka 23 akiandikishwa, deni ni lake. Biashara ikiyumba, yeye ndiye atakayeanza maisha pale unapojaribu kutoka wewe. Na jina lake halitakuwa kwenye daftari la michango. Hapo ndipo maombi mengi hukwama: majina ya kwenye cheti, kwenye daftari na kwenye fomu hayafanani.

Kusema kuna ngazi zake, si lazima uanze na wote 12. Unaweza kumwendea mwenyekiti kwanza, nyumbani, ukiwa na ripoti mkononi. "Nina deni la 9,000 la mwaka 2020, hili hapa, na hivi ndivyo ninavyolilipa" ni maneno mepesi kuliko "nina matatizo ya CRB", ambayo mtu anaweza kuyajaza chochote kichwani mwake. Hatari ipo: anaweza kukutaka uachie cheo, anaweza kusema kwa wengine. Unamjua wewe, mimi simjui. Lakini jiulize pia, katika wanawake 12 waliofanya biashara Mji wa Kale mwaka ule, kweli ni wewe peke yako uliyenyamaza mwenyekiti aliposema vile?

Ipo pia njia ya katikati ambayo hukuitaja. Mwanachama anaweza kuendelea kuweka akiba na kutunza vitabu bila kuchukua fungu lake la mkopo duru hii, kama kikao kitakubali. Utakosa jiko kwa sasa. Utabaki chamani.

Kabla ya kuchagua, tazama hesabu yako. Mauzo 2,500 kutoa 1,700 ni 800, mara siku 26 ni 20,800. Toa kodi 9,000 na msichana 3,900, unabaki na 7,900. Tuseme nyumba inachukua 5,000 pamoja na anachochangia mume. Zinabaki 2,900. Mkopo 835, mwenye nyumba tuseme 1,500, tajiri wa unga 500: jumla 2,835. Imebaki 65, na Ramadhani wateja wa asubuhi hawapo, na ile 9,000 ya benki hatujaigusa. Kwa hivyo swali la mkopo ni kama jiko litaleta pesa mpya. Lijaribu kwanza. Pima makaa yako kila siku kwa wiki mbili, uandike. Kisha azima jiko na mtungi wiki moja, uuze sambusa jioni, uandike gesi iliyotumika na zilizobaki bila kuuzwa. Zikiongezeka shilingi 100 safi kwa siku, hiyo ni 2,600 kwa mwezi na mkopo unajibeba. Zikiongezeka 30, ni 780, haufiki. Na mkiupata, ile miezi 6 ya kusubiri msiifanye likizo: anayeweka 835 tangu mwezi wa kwanza anaingia kwenye marejesho akiwa na miezi sita mbele.

Sasa mwenye nyumba, na hili ndilo la haraka kuliko yote kwa sababu lina tarehe. Mtoto wake anadai 54,000, ambayo ni 9,000 mara sita, yaani amehesabu kama hukulipa kitu. Kwa maelezo yako umelipa nusu, na linalobaki ni 27,000. Nenda duka la Safaricom na kitambulisho uombe taarifa ya M-Pesa ya Aprili hadi Septemba 2020, ukiulizia laini ile uliyokuwa nayo wakati ule. Zile za mkononi, tafuta aliyeshuhudia.

Pili, uliza analidai kwa mamlaka gani. Mwenye nyumba uliyeelewana naye amefariki, na deni lile ni sehemu ya mirathi. Kama warithi ni wengi na wewe ukamlipa mmoja, mwingine anaweza kuja kesho. Omba kuona karatasi za mirathi kutoka kwa Kadhi au mahakama. Na kwa kuwa nyumba nyingi za Mji wa Kale ni wakfu, hakikisha kwanza kama hii si mojawapo, maana hapo mazungumzo yako ni na msimamizi wa wakfu.

Tatu, kufuli. Upangaji wa duka au chumba cha chakula usio na mkataba wa maandishi unalindwa na sheria ya Kenya, Sura ya 301. Mwenye nyumba anatakiwa atoe notisi kwa fomu maalum, isiyopungua miezi miwili. Ukiipata na hukubali, mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja na upeleke shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla notisi haijaisha. Maneno ya mlangoni si notisi. Lakini usilale kwa hilo, kwa sababu malimbikizo ya kodi ya miezi miwili ni sababu halali ya kuombea utoke.

Makubaliano ya kulipa kidogo kidogo yanaweza kuwafaa nyote wawili, na yana jambo moja la kuangalia. Madai ya kodi yana ukomo wa miaka 6 kisheria, na karatasi ya kukubali deni huanzisha hesabu hiyo upya. Najua kwako dhamana ya deni la marehemu haipimwi kwa miaka ya sheria peke yake. Ila ujue unachosaini na kwa kiasi gani, 27,000 au 54,000. Kituo Cha Sheria wana ofisi Mombasa na huwasaidia watu wasio na uwezo wa wakili. Nenda na taarifa ya M-Pesa na jina la mdai.

Na tajiri wa unga, ambaye umemtaja kwa mstari mmoja tu? Yeye ndiye pekee katika orodha yako asiyekutishia. Nenda kwake hata na 500.

Kama nguvu zako wiki hii zinatosha mambo mawili tu, taarifa ya M-Pesa na ripoti za CRB zinaweza kwenda pamoja, na hakuna kati yake inayokulazimisha kumwambia mtu chochote kwanza. Ukishaziona, swali la kumwambia mwenyekiti nini, au kumwambia au la, utalitazama ukiwa na karatasi mkononi badala ya meseji za zamani. Ukipenda, niandikie zilichosema.